Kisanduku Kilichojua Ng'ombe Wote

Kila asubuhi ya likizo, Wangare alibeba mtungi wa maziwa hadi kituo cha ushirika wao, nje kidogo ya mji wa Njoro. Maziwa yakishapimwa, hakurudi nyumbani. Aliingia chumba cha nyuma kumsalimia Anti Wangechi, dada wa baba yake, aliyetunza kumbukumbu za ushirika. Lakini tuseme ukweli: kilichomvuta huko kilikuwa kisanduku.

Kisanduku chenyewe hakikuzidi kipande cha sabuni ya kufulia. Kilikaa kwenye rafu, kimya, taa yake ndogo ya kijani ikimetameta. Hakikuwa na skrini wala kibodi.

"Anti, hii kweli ni kompyuta?" aliuliza siku ya kwanza.

"Tena kompyuta kamili. Ndani kuna Linux, ule mfumo unaoendesha hata mitambo mikubwa mikubwa. Mimi nimeupunguza. Nimetoa picha, michezo, muziki, kila kitu ambacho ng'ombe hahitaji. Imebaki na kazi moja tu, kuwa seva ya hifadhidata. Inatunza habari zetu, na ukiiuliza, inajibu."

"Niiulize nini?"

Anti alimpa simu. "Andika jina la ng'ombe wenu."

Wangare aliandika Tausi. Kufumba na kufumbua, majibu yakaja: siku aliyozaliwa Tausi, chanjo alizopata, mama yake Zawadi, na nyanya yake Malkia wa kwa Mzee Kipketer, ng'ambo ya mto. Wangare alipigwa na butwaa. Tausi, aliyemkama kila siku, kumbe alikuwa na ukoo! Na kisanduku hiki kisichojaa hata kiganja kiliukumbuka, pamoja na koo za ng'ombe wote wa kijiji. Tangu siku hiyo akawa anafuatana na Anti boma hadi boma, wakiuliza habari mpya za ng'ombe na kuziingiza kwa simu. Walitembea wiki nzima hadi soli za viatu zikaomba msamaha.

Alhamisi moja alfajiri, Tausi alizaa ndama jike. Mchana wa siku hiyo, Daktari Kigen wa mifugo alitarajiwa kuja kuchanja ng'ombe dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo. Kisanduku ndicho kingemwonyesha ng'ombe gani walikuwa bado hawajachanjwa. Anti alikwenda kumpokea barabarani, akawaachia chumba na simu Wangare na binamu yake Jamleck.

Wangare aliingiza habari za ndama, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Papo hapo mbingu ikanguruma. Kule kwao, radi ikilia kila mtoto anajua kazi yake: kioo hufunikwa kitambaa, televisheni huzimwa, plagi zote huchomolewa ukutani. Wangare hakungoja kuambiwa. Alichomoa plagi ya kisanduku.

Mvua ilipopita, akairudisha. Taa ikawaka nyekundu. Akaandika Tausi. Kimya. Akaandika Malkia. Kimya.

"Umeiua," Jamleck alisema.

"Nyamaza! Nitamwambia Anti nini?"

"Sema ni radi, bana. Usijichome bure. Nani atajua?"

Anti aliingia na Daktari Kigen, wote wawili wameloa chepechepe. "Mbona taa ni nyekundu?"

"Ni... ni radi, Anti." Wangare hakuweza kumtazama usoni.

Anti alijitupa kitini. "Basi kadi ya kumbukumbu imeungua. Hapo hakuna la kuokoa. Nitaweka kadi mpya, lakini nakala niliyo nayo ni ya mwezi uliopita." Alichomoa kadi ya zamani, akalisogelea pipa la taka.

"Wangechi, dawa nilizo nazo hazitoshi ng'ombe wote," Daktari alisema. "Siwezi kubahatisha. Na kesho nasubiriwa Molo."

Wangare aliitazama ile kadi. Ndama wa Tausi alikuwa humo. Maboma yote waliyoyazunguka yalikuwa humo.

"Anti, usitupe! Sio radi, ni mimi! Nilisikia ngurumo nikachomoa plagi. Ilikuwa inafanya kazi vizuri mpaka nilipoichomoa." Machozi yalimtiririka.

Alitarajia kufokewa. Badala yake, mkono wa Anti ulisimama juu ya pipa.

"Ulichomoa tu? Basi bado iko hai!"

Aliingiza kadi kwenye laptopu yake. "Stima ilikatika ikiandika, mambo yakavurugika. Ndiyo maana imegoma, isije ikaharibu zaidi. Kuna programu ndogo ya kupanga upya vitu kama hivi. Mimi niliitoa ili kisanduku kiwe chepesi. Hilo ni kosa langu."

Mistari ya maandishi ilishuka kwenye skrini. Kisha Anti akairudisha kadi kisandukuni. Taa nyekundu ilipepesa, ikazima, ikawaka kijani.

"Sasa inajikumbusha," Anti alinong'ona. "Kabla ya kubadilisha kitu chochote, huandika kwanza pembeni kile inachotaka kufanya. Ikizimwa ghafla, ikiamka inarudi pale pembeni, inamalizia."

Wangare aliandika Tausi. Majibu yakaja: ukoo wote, na chini kabisa, ndama jike, amezaliwa leo. Kisanduku kilikatwa kauli, na bado kilikuwa kimeshika neno lake la mwisho! Jamleck naye alisogea kutazama, amesahau kabisa ushauri wake. Daktari Kigen alichukua ile simu yenye orodha na kisanduku chake cha barafu cha kuhifadhia chanjo, akaondoka kwenda kazini.

Anti alimgeukia Wangare. "Kuchomoa plagi ulikosea kwa kutojua. Nitakufundisha namna ya kuizima kwanza. Lakini ule uongo nusura utupe jasho la kijiji kizima kwenye pipa. Unajua kwa nini mashine hii imepona? Kwa sababu iliandika ukweli mapema. Nawe ukikosea, sema mapema, mwanangu, ndio tupate mahali pa kuanzia kurekebisha."

"Nimesikia, Anti. Nisamehe."

Nje, mbingu ilinguruma tena. Mkono wa Wangare uliruka kuelekea kwenye plagi, ukasita.

"Anti," aliuliza, "inazimwaje?"