Taa ya Mtoto wa Zhenkai

"Dada, taa yako imenichoma jicho!"

"Jicho lenyewe lilikuwa linatafuta nini hapa?"

Ndivyo walivyokutana, katika soko la taa la Meizhou, China, mahali pa kutia mguu hakuna. Yaoqin, mtengeneza taa, alivaa aproni iliyoganda gundi na kitambaa cha manjano kichwani. Mikononi alibeba taa ya karatasi nyekundu, kijani na dhahabu. Zhenkai alicheka. Kesho yake akarudi, na keshokutwa, kununua balbu za rangi ambazo kwao hazikuhitajika. Baridi ilipoingia, alikuwa akimpigia simu kila mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula gundi."

"Mwezi wa kwanza namleta mshenga. Usinikimbie."

"Nikimbilie wapi na taa zote hizi?"

Mwezi wa kwanza ukafika. Akaja mama mmoja, koti jeusi la hariri, kuagiza taa ya mjukuu. Kwao, mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka uliopita hutundikiwa taa katika nyumba ya mababu, na baba yake ndiye huipandisha kwa kamba.

"Andika jina la baba," alisema. "Zhong Zhenkai, wa mtaa wa Daraja la Mawe."

Yaoqin akaandika. Simu ya mchana hakuipokea, wala zile kumi zilizofuata.

Siku ya tatu Zhenkai alikuja mwenyewe kuichukua taa, macho mekundu.

"Ni mtoto wa marehemu kaka yangu, Yao. Alikufa mtoto yuko tumboni. Sijakusaliti."

Yaoqin alishusha pumzi. Nusura amkumbatie mbele ya wateja.

"Sasa mbona jina ni lako?"

"Mama anasema mtoto hawezi kukosa baba wa kumpandishia taa. Niwe baba yake. Na shemeji... nimuoe."

"Ukamjibu nini?"

Zhenkai akanyoosha mkono kuichukua taa.

"Zhenkai, leo nani atavuta kamba?"

"Nikikataa, yule mtoto..."

"Nimeuliza nani."

"Mimi. Lakini nakupenda wewe."

"Najua. Ingekuwa hunipendi ningekutukana, nikalala usingizi."

Akamkabidhi taa.

"Ishike kwa chini, gundi haijakauka. Na usinipigie tena."

Zhenkai aliinua taa juu ya vichwa vya watu isije ikapondwa, akaondoka. Yaoqin aliifuata kwa macho mpaka ikachanganyika na nyingine, nyekundu, kijani, dhahabu, asijue tena ipi ni ipi.