Hodi kwenye Chumba cha Eksrei

Mlango wa chumba cha eksrei uligongwa wakati taa nyekundu inawaka, na sauti yenye adabu ikasema, "Hodi."

Gaspari, mpiga picha wa hospitali moja ndogo ya Singida Mjini, alikuwa akiminya mpira wa kusukumia gesi kwenye utumbo wa Severina, mama mkulima wa Ihanja. Gesi hutanua utumbo, na kwenye picha hutokea nyeusi, hivyo hata uvimbe mdogo hauna pa kujificha. Basi, kwa malezi yetu haya ya kutoacha hodi bila jibu, akaitikia, "Karibu."

Hakuna aliyeingia mlangoni. Mpira ukabonyea wenyewe mkononi mwake mpaka mwisho, na chumba kikanuka tope la chumvi la ukingo wa Ziwa Singidani. Kefa, mume wa mgonjwa, alikuwa kwenye benchi nje ya mlango. Aliapa hakuona mtu.

Gesi ile kwa kawaida hutoka yenyewe, tena bila heshima. Ya Severina haikutoka. Alikula ugali wa uwele na mlenda, akala sahani ya Kefa pia, na bado alikonda huku tumbo likijaa. Walipompiga picha tena, ule weusi ulikuwa umejikunja ndani yake, magoti kifuani. Gaspari aliogopa mpaka akashindwa kuizima mashine.

Kefa akamleta wodini Bibi Rahabu, mganga wa Mkalama. Bibi alinusa pumzi ya mgonjwa.

"Nani alimkaribisha?"

"Mimi, bibi," Gaspari alinong'ona.

"Basi msindikize wewe. Mimi hanijui."

Gaspari akafungua mlango, akapiga magoti kando ya kitanda, na huku harufu ya tope ikipanda na tumbo la Severina likitembea chini ya shuka akasema taratibu, kama anavyoagwa mgeni yeyote, kwamba wameshukuru kutembelewa, sasa aende salama.

Midomo ya Severina haikufunguka. Sauti ilitoka chini zaidi, na adabu yake ile ile.

"Asante, mwenyeji wangu. Bado nakula."

Bibi Rahabu akaokota mkoba wake, akatoka bila kuaga.

"Kefa," Severina alisema, akilia, "niletee ugali. Chakula kikiisha, ananianza mimi."

Nyumbani unga ulikuwa umebaki bakuli moja.