Guthi Gani Inanywa Divai?

"Sili. Nimeshiba."

Bikesh akaisukuma sahani pembeni kwa vidole viwili. Wali wangu, dengu yangu, mboga niliyoichambua jani kwa jani.

"Umeshiba wapi?"

"Pabitra, jamani. Si nilikwambia nahesabu kalori? Leo Jumatano, nina guthi. Wazee wa ukoo watanimiminia aila, na pale huwezi kukataa. Nikila hapa halafu nikanywa kule, nimezidisha. Kwa hiyo nabana hapa."

"Yaani unaacha wali wangu ili upate nafasi ya pombe."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje sasa? Nipe maneno mazuri, niyaseme."

Akacheka kile kicheko chake cha kukwepa. "Nifungie basi. Nitakula kesho mchana dukani."

Nikamfungia kwenye lile kopo la chuma. Akanibusu kichwani, akawasha skuta yake ya bluu, huyoo.

Mimi ni mwanamke wa maswali, sikatai. Lakini kabla hamjaniita mke mwenye wivu, sikilizeni kwanza.

Mimi sikuzaliwa Mnewari kama Bikesh. Nimezaliwa Bahun, tabaka la makuhani wasiogusa pombe, binti wa Mwalimu Regmi, nyumba ambamo hata kitunguu saumu kilitazamwa kwa jicho baya. Mama alifariki nikiwa mdogo, baba akanilea peke yake. Siku niliyomwambia naolewa na Bikesh Maharjan wa Patan, alisimama mlangoni akasema, "Unaingia nyumba ya walevi. Kuanzia leo sigusi wali wa mkono wako."

Kwa watu wetu, mtu akishakataa wali wako hakuna la kuongeza. Miaka saba sikusikia sauti yake. Nilisikia tu kwamba amehamia Chitwan kwa kaka yangu. Kila sikukuu ya Dashain wenzangu wanakwenda kwao kupakwa tika ya baraka kwenye paji na wazazi wao, mimi nabaki dirishani nawaangalia wakipita.

Kwa hiyo mwanamke mwingine akigombana na mumewe, anabeba begi anarudi kwao. Mimi sina kwetu. Bikesh akiniacha, nimeachwa na dunia nzima.

Sasa turudi kwenye kopo.

Alhamisi jioni likarudi, na safari hii nililipokea mimi kabla hajalirudisha rafuni. Nikalifungua ili nilioshe, nikakuta limeshaoshwa. Si kuoshwa kwa juujuu. Limesuguliwa mpaka kwenye pembe za kifuniko, na harufu ya sabuni ambayo humu ndani haijawahi kuingia. Mume wangu huyu, anayeacha kijiko ndani ya kikombe cha chai siku mbili!

"Kopo umeosha wewe?"

"Eeh."

"Kwa sabuni gani?"

"Sabuni ni sabuni, mke wangu."

Huo ulikuwa mkono wa mwanamke, tena mwanamke msafi kuliko mimi. Na hapo ndipo nilipoumia zaidi.

Jumapili aliingia kuoga, simu yake ikaita mara moja kwenye meza. Ujumbe. Jina limeandikwa "Kocha."

"Jumatano usichelewe. Nitakubakizia 120. Mkeo usimwambie bado. Naogopa."

Nikausoma mara nne. Kocha gani anaogopa wake za watu?

Bikesh amejiunga na darasa la kupunguza uzito huko Kupondole, kila Jumamosi asubuhi wanapimwa. Kwenye simu ana daftari la kuandika kila anachotia mdomoni. Nikalifungua. Mume wangu anaweza kunidanganya mimi, lakini lile daftari halidanganyi. Anaamini akilidanganya, kilo zitarudi usiku.

Nikatafuta Jumatano. Divai kavu, glasi moja, 120. Jumatano ya nyuma yake, divai kavu, glasi moja, 120. Jumatano kumi na mbili zote, divai.

Nikakaa chini. Guthi ni wanaume wa ukoo wa Maharjan. Wanachuchumaa mstari mmoja, aila inamiminwa kutoka juu kama uzi, na asiyetaka kali anapewa bakuli la thon, pombe nyepesi ya mchele. Mababu zao walikunywa hivyo, na wao hivyohivyo. Guthi gani inanywa divai?

Nikampigia Sarmila, mke wa kaka yake Bikesh.

"Shemeji, Jumatano iliyopita mumeo alikwenda guthi?"

"Guthi? Jumatano alikuwa hapa kalala, anakoroma kama mashine ya kusaga. Guthi yao mara ya mwisho ilikuwa kabla ya mvua. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Pabitra! Sauti hiyo naijua. Ana mtu?"

Nikaanza kulia.

"Nyamaza," akasema Sarmila. "Kulia baadaye. Kwanza mkamate. Ukimkamata nipigie, nakuja na mwiko."

Jumatano ikafika. Sahani ikasukumwa. "Nimeshiba." Nikafunga kopo, na safari hii nikaweka wali mwingi, na kachumbari ya nyanya. Sijui kwa nini. Labda nilitaka yule mwanamke ajue amemwibia nani.

Skuta ilipokata kona, nikasimamisha teksi.

"Ifuate ile skuta ya bluu."

Dereva akanitazama kwenye kioo. "Mumeo?"

"Wewe endesha."

"Dada, mimi naendesha. Lakini ukianza kurusha viatu, mimi sipo."

Skuta ikaenda mpaka Sanepa, ikasimama chini ya jengo la ghorofa. Jua lilikuwa bado halijazama. Nikamwona Bikesh akipanda ngazi na kopo langu kwapani, anapiga mluzi. Anapiga mluzi! Nikampigia simu palepale.

"Uko wapi?"

"Guthini, mke wangu. Ndo nafika."

"Leo mtakunywa nini?"

"Aila, kama kawaida. Nini tena?"

"Wasalimie wazee."

Nikampa nusu saa, akae, ajisahau. Kisha nikapanda. Ghorofa ya tatu nikaviona viatu vyake mlangoni. Ndani nikasikia glasi zikigongana, na Bikesh akicheka, si kile kicheko cha kukwepa. Cheko zima. Nikaugonga mlango kwa ngumi.

Bikesh akafungua, ana soksi miguuni na glasi ya divai mkononi. Rangi ikamtoka.

"Pabitra."

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke wako! Anayeosha makopo ya watu mpaka pembeni!"

"Hakuna mwanamke humu."

"Usinifanye mjinga, Bikesh! Ujumbe nimeusoma. 'Mkeo usimwambie, naogopa.' Nani anaogopa? Atoke hapa aniambie mwenyewe!"

Sauti ikatoka ndani.

"Mimi."

Miguu iliijua ile sauti kabla yangu, ikakataa kusogea. Mzee akatokea taratibu, fimbo huku, fimbo huku. Amenenepa, nywele zimekuwa nyeupe zote.

"Baba?"

"Mimi ndiye ninayeogopa," akasema. "Nakuogopa wewe."

Niliyokuwa nimejiandaa kuyasema yote yalikuwa ya mwanamke mwingine. Nikabaki nakodoa macho mezani. Chupa moja na glasi ya pili.

"Ile pale ni nini?"

Baba akainamisha kichwa. "Divai. Glasi ndogo. Mia na ishirini."

"Unakunywa? Wewe, Mwalimu Regmi?"

"Magoti yamekufa, mwanangu. Nimekuja kupanga huku kwa ajili ya upasuaji, daktari kakataa mpaka nipungue kilo kumi na tano. Nikaenda kwenye darasa. Siku moja rafiki alinipa glasi, nikaipenda. Nikamuuliza mwalimu wa pale, akasema kama sitaki kuacha, niiandike, na nipunguze kitu kingine. Basi mimi naandika."

"Ulisema naingia nyumba ya walevi."

"Nilisema."

"Uliniambia hivyo mlangoni, mbele ya majirani!"

"Ndiyo, Pabitra. Sasa ningekujaje na harufu hii mdomoni? Nilitaka niache kwanza, ndipo nije kukuomba msamaha. Kila Jumatano nasema hii ya mwisho."

Nikamgeukia Bikesh. "Na wewe! Miezi mitatu!"

"Nilipanga foleni ya mizani," akasema, "wakaita Regmi mbele yangu. Akageuka, nikaiona pua yako. Nikamfuata nje. Akaniomba nisikwambie, nikaapa, namba yake nikaiandika Kocha."

"Ukaona bora nife kwa presha."

"Nilimwambia aje tu hivyohivyo na divai yake, hataki. Nikaona kuliko anywe peke yake, tunywe wawili, tuhesabu wawili."

"Na wali wangu unaukataa kwa nini?"

Wakatazamana. Nikafuata macho yao. Kopo langu lilikuwa kwenye sinki, tupu, povu la sabuni likiteremka pembeni.

"Nani amekula?"

Baba akapangusa mdomo.

"Nimeuliza, nani amekula wali wangu?"

"Nilikuwa namletea fungu langu," Bikesh akasema polepole. "Ningekuomba la pili, ungeniuliza la nani. Wewe kwa maswali hujambo. Mimi Jumatano nalala njaa, Pabitra. Hizi kilo unazosifia zimetoka hapo."

Baba akajikokota mpaka kwenye rafu, akachukua daftari la mistari, akanipa bila kunitazama. Mwandiko uleule ulionifundisha kusoma. Chapati moja, 110. Ndizi, 90. Dengu bakuli, 150. Divai, 120. Kila mstari una namba yake, umejumlishwa chini na kupigiwa mstari kwa rula.

Ila kila Jumatano kulikuwa na mstari mmoja usio na namba. *Wali wa Pabitra.* Basi. Jumatano kumi na mbili.

"Hapa umesahau kuandika," nikasema.

"Sijasahau. Huo siuhesabu."

Nikaachia daftari. Nilimkumbatia na fimbo zake mbili, zikaanguka sakafuni kwa kishindo, Bikesh akatudaka wote wawili kabla hatujaanguka. Nililia mpaka kamasi, sina haya kusema. Baba naye alilia. Alinuka divai kidogo, na ile sabuni.

"Tutaongea nyumbani," nikamwambia Bikesh begani kwa baba.

"Najua."

"Na leo utakula. Sahani mbili."

"Nitakula hata tatu."

Simu yangu ikaita. Sarmila, huyo, sauti juu.

"Vipi, umemkamata? Ni nani? Ni yule wa duka la vipodozi? Niambie uko wapi, mwiko ninao mkononi!"

Nikajifuta uso. Baba alikuwa amekaa, akinisogezea kiti.

"Uweke mwiko chini, shemeji," nikasema. "Niko kwetu."