Kurasa Kumi na Mbili za Ndege

Saa 3:20 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha dobi kilinuka sabuni na mvuke. Shemeji alitandaza ramani ya maktaba juu ya meza ya pasi, akaikandamiza kwa bastola.

"Kabati la tatu. Kitabu cha ndege na maua, kimechorwa kwa mkono miaka mia mbili iliyopita. Mteja anataka kurasa kumi na mbili."

"Ulisema kitabu kizima," Fundi alisema.

"Kilo kumi na nane. Utakibania kwapani?"

Breki, dereva wao, alicheka peke yake.

Fundi alijalidi vitabu katika maktaba ile miaka ishirini na miwili, hadi macho yalipomlegea wakamwonyesha mlango. Kitabu hicho alikishona upya yeye mwenyewe. Miezi saba, Mkutubi akimshikia uzi.

"Nimekishona kwa mikono hii, shemeji."

"Basi unajua pa kukichana. Dada yangu hainuki kitandani, wewe unalilia karatasi? Mkeo anataka dawa."

Fundi aliinuka. Alivaa koti.

Saa 4:45.

Kanuni ya maktaba ilitaka kila msomaji apekuliwe akiingia na akitoka. Mkutubi, mama wa miaka sitini na kitu, alimpungia mkono apite.

"Wewe ni wa nyumbani, mwanangu. Umemkumbuka njiwa wako wa kitabuni?"

"Nimemkumbuka, mama."

Alimfungulia kabati, akakilaza kitabu juu ya mito. Simu ikalia ofisini, akaenda kuipokea. Fundi alijua ni Shemeji, na kwamba angemshika mama kwa maneno nusu saa nzima.

Saa 5:02.

Alitoa uzi wa pamba mdomoni, umelowa mate. Akaulaza kwenye mshono wa ukurasa, akafunga kitabu, akahesabu hadi mia, karatasi ilainike. Alipofungua na kuvuta, karatasi iliachia bila hata kunong'ona.

Wa kwanza alikuwa njiwa, wa aina iliyokwisha kutoweka duniani. Mchoraji alikuwa ametia rangi ya waridi pembeni mwa jicho, ukadhani bado lina unyevu. Fundi alilitazama mara moja tu. Zilibaki kumi na moja.

Zilipotimia kumi na mbili alizizungusha kiunoni, akafunga koti.

"Mbona mapema?" Mkutubi aliuliza mlangoni. "Haya, urudi tena."

Saa 5:40.

Ndani ya gari, Shemeji alizikunja kurasa mara mbili azitie kwenye begi. Rangi ilibanduka, ikamwagika kitini kama majivu.

"Taratibu, shemeji, zinakufa."

"Shuka."

"Na dawa?"

Bastola ilimgusa ubavuni. "Daktari aliniambia tangu juzi. Dada yangu haponi. Ya nini kumwaga maji mchangani? Shuka."

Breki aliinamisha macho kwenye usukani. Gari likaondoka.

Saa 6:25 mchana.

Angeweza kwenda zake. Lakini ufunguo wa kabati lile ulikuwa kwa mtu mmoja tu, Mkutubi, na miguu ikamrudisha.

Kurasa zilikuwa zimegunduliwa hazipo, na makachero wawili walikuwa wamefika. Mkutubi alikaa kwenye meza yake, viganja magotini.

"Mwacheni mama," Fundi alisema. "Nimechana mimi." Akawaeleza yote, mpaka jina la Shemeji.

Kachero mnene aliandika. "Kurasa ziko wapi?"

"Sijui."

"Gari?"

"Namba za bandia."

"Nani alikufungulia kabati?"

"Yeye."

"Alikupekua?"

"Hapana. Lakini..."

"Alikufahamu vipi?"

"Tulifanya kazi pamoja. Kitabu hicho tulikishona wote wawili."

Kachero alimtazama mwenzake. Mwenzake alitoa pingu mbili.

"Hakujua chochote," Fundi alisema. "Naapa."

"Nyamaza, mwanangu," Mkutubi alisema, sauti imekauka. "Kila ukifungua mdomo unanizamisha."

Aliinuka polepole, akainyoosha mikono. Juu ya mito kitabu kilikuwa bado wazi, nyuzi zimening'inia kwenye mshono. Mama aliomba akifunike kwanza, vumbi lisiingie.

Walimkatalia.