Jagi la Buluu la Mama Lula

Kila Agosti, kabla ya Jumapili ambayo waumini waliohamia mbali hurudi kanisani kwetu, sisi wa Kijito cha Mwerezi husafisha makaburi. Mwaka huo kazi alipewa Cleon, mjukuu wa Bi Odessa. Cleon ana nguvu, na usafi anaupenda kupita kiasi. Alifyeka nyasi, akang'oa maua yanayotambaa, akazoa makombe ya chaza, taa kuukuu na vyombo vilivyovunjika. Vyote akavitupa nyuma ya kanisa.

"Bibi, njoo uone! Panang'aa!"

Bi Odessa, mwenye miaka themanini na mitatu, alitazama huku na huku. Kisha akalia.

"Jagi la buluu liko wapi? Mama yangu amelala chini yake. Sasa nitazikwa kando ya nani?"

 Nilimwonea huruma Cleon, maana zamani hata mimi ningeviita takataka.

Kesho yake Cleon na bibi yake walikwenda maktaba ya wilaya kutafuta kaburi lilipo. Kule nyuma kuna chumba cha historia, ambacho wengi wetu tunakipita tu tukienda chooni. Mtunzaji wake, Bi Verlean, alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, umefagia majina ya watu," alimwambia Cleon. "Wazee wetu hawakuweza kununua mawe ya kaburi. Waliweka chombo cha marehemu, wakapanda maua. Ukikuta kitu makaburini, kiache palepale. Kipige picha, chora ramani, uliza wazee."

"Sikujua, Bi Verlean."

"Kutojua si kosa. Kosa ni kutouliza, na hapa kuuliza ni bure."

Akaleta madaftari ya zamani ya kanisa. Cleon alisoma kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa. Mchana ulikuwa umekwenda alipopata: *Lula Tarver, Machi 1949. Hatua sita mashariki ya mwerezi. Amezikwa pamoja na mwanawe mchanga.*

Bi Odessa alishika meza. "Nilikuwa na mdogo wangu? Hakuna aliyeniambia."

Bi Verlean alimshika mkono.

Jumamosi Cleon alipekua lile rundo mpaka akalipata jagi, limevunjika mkono. Akaanza kuhesabu hatua kutoka kwenye mwerezi.

"Wewe na miguu yako ya twiga!" bibi yake alimkemea. "Mchungaji aliyezipima hatua hizo alikuwa mfupi. Punguza!"

Cleon akapunguza. Pale ardhi ilikuwa imebonyea kidogo, na maua aliyoyang'oa yalikuwa yameanza kuchipua tena. Akaliweka jagi taratibu. Akachora ramani ya makaburi yote, na nakala moja akaipeleka maktaba.

Jumapili Bi Odessa alisimama pale amevaa gauni lake jeupe.

"Mama, nafasi yangu ni upande huu, usimpe mtu," alisema. "Na wewe mdogo wangu, sogea kidogo unipishe. Dada yako anakuja, ila hana haraka."