Eunice Apanda Gari Moshi

Jumwa alikuwa mpishi wa viazi karai, viazi vya kuchovya kwenye unga na kukaanga, pale Ukunda, kando ya njia ya kwenda Diani. Alfajiri aliwasha makaa na kubandika karai. Jua lilipotoka, wafanyakazi wa hoteli walikuwa wameshapanga foleni. Viazi vyake vilikuwa na sifa. Ukwaju wake ulimfanya mtu afumbe jicho moja, kisha aombe kuongezwa.

Lakini wateja hawakumjua aliyemenya viazi hivyo na kukoroga unga wake. Alikuwa msichana wa miaka tisa, jina lake Eunice. Alikaa chumbani, nyuma ya leso ya kanga iliyotundikwa mlangoni. Zamani, familia ilipokuwa ikiishi Kinango, Eunice aliugua polio, na miguu yake ikapooza. Kanisa lilimpa kiti cha magurudumu, kizuri kabisa. Kiti hicho kilizunguka uani tu. Hakikuwahi kuiona barabara.

Jumwa hakuwa mama mbaya, mtu asije akamdhania hivyo. Alimpenda mwanawe kupita kiasi. Aliogopa macho ya watu. "Watamkodolea, watamcheka, watamtia jicho," alisema kila mara. Basi akamweka ndani, akidhani anamlinda.

Asubuhi moja ya Desemba, mwaka 1998, Tembo alirudi kutoka kazini. Tembo ni mumewe Jumwa, na alikuwa mlinzi wa usiku katika hoteli moja ya Diani. Siku zote alirudi akipiga miayo. Siku hiyo alirudi akicheka peke yake.

"Mama Eunice, kuna habari! Krismasi ikipita, hoteli itatupeleka kwenye ile bustani mpya ya michezo. Sisi wafanyakazi na jamaa zetu. Kuna bembea, kuna farasi wa mbao wanaozunguka, kuna na gari moshi dogo la watoto!"

"Mungu ashukuriwe," Jumwa alisema. Kisha akauliza, "Na Eunice tutamwacha kwa nani?"

Tembo akatazama chini. Nyuma ya leso, kisu cha kumenyea kikanyamaza.

Jumwa alipoingia chumbani, alimkuta Eunice ameshika kiazi kimoja. Alikuwa amekimenya na kukimenya, hata kimebaki kidogo kama kokwa ya ubuyu.

"Mama, hilo gari moshi lina honi?"

"Sijui, mwanangu."

"Basi mkirudi mtaniambia."

Mtoto angelia, Jumwa angembembeleza. Lakini Eunice hakulia. Alichukua kiazi kingine akaendelea na kazi, na hilo ndilo lililomchoma mama yake moyoni.

Wakati huo jirani yao, Concepta, alikuja kununua viazi. Concepta alitoka bara. Alifanya kazi katika zahanati, akiwasaidia wagonjwa kufanya mazoezi ya viungo. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Alimwona Jumwa akipangusa macho.

"Ni moshi huo, Mama Eunice, ama ni maneno?"

Jumwa akamweleza yote. Concepta akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa, kwa nini asiende?"

"Dada Concepta, watu watamtazama!"

"Watamtazama, ndiyo. Halafu watachoka, watatazama kitu kingine. Kwani watu wana kazi ya kumtazama Eunice mpaka jioni?"

Jumwa alicheka bila kupenda. Lakini hofu haikumtoka. "Na kule kuna mchanga. Kuna ngazi. Na choo je?"

"Hayo ndiyo maswali ya maana," Concepta alijibu. "Huwezi kuyajibu ukiwa umekaa hapa kwenye karai. Mtu huenda kuuliza kabla ya siku yenyewe. Baba Eunice, leo jioni kabla ya zamu yako tupitie huko, mimi na wewe."

Walikwenda. Waliporudi walikuwa na majibu. Lango kubwa lilikuwa na ngazi, lakini lango la upande halikuwa na hata moja. Njia nyingi zilikuwa za saruji. Mlango wa choo kimoja ulikuwa mpana wa kutosha kiti. Na mkuu wa pale aliwashauri wafike asubuhi, kabla ya jua kuwa kali na watu kujaa.

"Ameahidi kutufungulia lango la upande," Tembo alisema. "Tumesema tu, naye akakubali. Kumbe miaka yote hii tulikuwa hatujauliza."

Jumwa alikubali. Ila alikuwa na shauri lake moyoni, wala hakulisema.

Siku ilipofika, Concepta alikuja kufuatana nao, kwa kuwa Tembo alikuwa amemwombea nafasi hotelini. Eunice alivaa gauni jipya la manjano. Alikaa kwenye kiti chake wima, kama bibi harusi. Hapo Jumwa alichukua leso yake nzuri, akamfunika miguu yote mpaka chini.

"Mama, nasikia joto."

"Vumilia. Watu wasikuone miguu."

"Mama Eunice," Concepta alisema, "hiyo leso ni ndefu. Itaburutika."

"Nimeikunja," Jumwa alijibu, na sauti yake ilionyesha kwamba hataki mjadala.

Bustani ilikuwa imepambwa kwa karatasi za rangi. Muziki ulikuwa ukipigwa. Waliingia kwa lango la upande bila taabu. Eunice aligeuza kichwa huku na huku, macho yamemtoka kwa furaha. Kisha wakasikia honi. Gari moshi dogo jekundu lilikuwa likipita chini ya mteremko, limejaa watoto.

"Lina honi!" Eunice alipiga kelele. "Mama, lina honi!"

Watu kadhaa waligeuka. Jumwa aliona macho yao, akaingiwa na haraka. Alikisukuma kiti mbiombio kushuka mteremko, ili awapite watu hao. Mkunjo wa leso ukafunguka. Ncha yake ikaingia kwenye gurudumu, ikajizungusha, ikanasa. Kiti kikasimama ghafla. Eunice akateleza mbele, akaanguka chini kwa magoti.

Watu walikimbilia. Mmoja alimshika Eunice mkono akaanza kumvuta. Jumwa alimkumbatia mwanawe.

"Twende nyumbani," alilia. "Nilisema mimi! Nilisema! Twende nyumbani."

"Mama," Eunice alisema, "sikuumia sana. Ni leso iliyoshikwa na gurudumu. Mimi sijasema nataka nyumbani."

Concepta alipiga magoti karibu nao. Hakumlaumu mtu. "Asanteni, ndugu zangu, lakini tusimvute mkono," aliwaambia watu. "Mkono huteguka upesi. Eunice, tukuinue vipi?"

Jumwa alishangaa. Tangu Eunice azaliwe, yeye mwenyewe hakuwahi kumuuliza swali hilo.

"Baba anishike hapa chini ya makwapa," Eunice alisema, "na shangazi Concepta anishike mapajani. Lakini breki kwanza."

"Umesikia, Baba Eunice? Breki kwanza!" Concepta alisema.

Tembo alifunga breki za kiti, wakamwinua na kumkalisha. Goti lilikuwa limechubuka kidogo tu. Concepta aliinasua leso. Ilikuwa imechanika na kupakwa grisi.

"Sikiliza, Mama Eunice," alisema kwa upole. "Kitu chochote kinachoning'inia hakifai kwenye kiti hiki. Leso, kamba, mkanda, vyote hunaswa. Na mteremko mkali hatuushuki kiti kikitazama mbele. Tunageuza kiti, sisi tunatangulia kinyumenyume, pole pole. Hivyo uzito wake unakuegemea wewe, hawezi kuteleza mbele. Ukikutana na mchanga, inua kidogo magurudumu madogo ya mbele, yasizame."

Jumwa alishika leso mkononi. Alimtazama Eunice, akapata shida kulitamka swali lake, kwa kuwa lilikuwa jipya kinywani.

"Eunice mwanangu, wewe wataka nini?"

"Nataka gari moshi. Na leso sitaki."

Basi Jumwa akajifunga leso ile kiunoni mwake, na grisi yake vivyo hivyo. Akageuza kiti, akaushuka mteremko kinyumenyume, hatua kwa hatua.

Mwangalizi wa gari moshi alikuwa kijana aitwaye Owen. Alikitazama kiti, kisha akamgeukia Jumwa. "Mama, huyu ataweza kukaa mwenyewe?"

Jumwa alifungua kinywa kujibu. Akakifunga. "Muulize mwenyewe," alisema.

Owen aliinama. "Samahani, dada mdogo. Utaweza kukaa?"

"Nikiwa na chuma cha kushika, naweza. Kwenye kona nitalalia upande, kwa hivyo baba akae huko upande wa nje."

"Poa. Behewa la mwisho lina mlango mpana na mkanda," Owen alisema. "Ila wale farasi wa mbao sitakupandisha. Hawana mahali pa kuegemea, utaanguka. Sikukatazi kwa ubaya."

"Sawa," Eunice alisema. "Mimi nilikuja kwa sababu ya honi."

Walisogeza kiti mpaka kando ya behewa, wakafunga breki, wakamhamisha. Owen alikaza mkanda. Gari moshi likaondoka. Lilipofika kwenye kona, Eunice alimwegemea baba yake, akacheka kicheko ambacho Jumwa hakuwahi kukisikia nyuma ya lile pazia la leso. Jumwa alisimama pale, machozi yakimtiririka, wala hakuyapangusa. Watu walimtazama. Yeye hakuwaona.

Alimshika Concepta mkono. "Dada yangu, Mungu akuweke. Umenipa mtoto wangu."

"Mtoto ulikuwa naye," Concepta alisema. "Mimi nimepiga kelele tu, kama kawaida yangu."

Eunice alipanda tena, na tena. Baadaye, wakinywa soda kivulini, msichana mmoja mwenye ushanga alimjia akasimama mbele yake.

"Miguu yako ilifanya nini?"

Jumwa alishtuka. Hili ndilo swali aliloliogopa miaka yote. Lakini Eunice alijibu bila wasiwasi, "Iliugua polio nikiwa mdogo."

"Inauma?"

"Hapana. Wewe unaitwa nani?"

"Mishi. Niko darasa la tatu. Wewe wasoma wapi?"

Eunice aliweka soda chini. Alimtazama mama yake. Jumwa alitazama chini, akaiona leso iliyochanika kiunoni mwake. Jioni ile, njiani kurudi nyumbani, alimwambia Tembo jambo moja tu: Januari, Eunice ataingia shule.

Kesho yake aliitoa leso ya mlangoni, akaifua, akaitumia kupangusia sufuria. Eunice akaanza kukaa mbele, kando ya karai, akiwatilia wateja ukwaju. Wengine walimkodolea macho siku ya kwanza. Baadaye walichoka, kama Concepta alivyosema, wakaanza kugombania ukwaju.

Januari ilipofika, Jumwa alikisukuma kile kiti mpaka shuleni. Breki zilikuwa zimekazwa vizuri. Hakuna kitu kilichoning'inia. Mwalimu mkuu aliwakaribisha, akachukua kalamu, akamtazama Jumwa.

"Mama, mtoto anaitwa nani?"

Jumwa hakujibu. Alitabasamu, akarudi hatua moja nyuma ya kiti.

"Shikamoo, mwalimu," ilisema sauti kutoka kwenye kiti. "Naitwa Eunice Tembo. Nimekuja kusoma."