Mayai ya Bonde la Ulolo

Mdudu-pima, roboti ya kukagua mitambo, alikuwa mdogo kuliko punje ya mchele. Alitumbukia kwenye giaboksi ya pikapu kupitia tundu la kupimia oili, akaogelea gizani katikati ya meno ya chuma, na kila alichokigusa kikatokea kwenye kioo mbele ya mhandisi Atuganile.

Mwaka huo wa 2094, magari yote ya mizigo jijini Mbeya yalijiendesha yenyewe kwa bongo-endeshi. Pikapu hii ilihudumia bonde la Ulolo, ikipeleka dawa na kupandisha mazao. Kwa miezi mitatu giaboksi yake ya otomatiki ilikuwa ikichemka, na hakuna aliyejua kwa nini.

Atuganile alianza na mambo ya kawaida. Oili ilikuwa imejaa sawasawa, ila rangi yake ilikuwa ya kahawia na ilinuka kuungua. Kipoza oili hakikuwa kimeziba. Feni ilizunguka. Mdudu-pima akapima pleti za klachi moja baada ya nyingine. Zote bado nene.

“Chombo ni kizima,” alisema peke yake. “Basi tatizo ni uendeshaji.”

Akafungua kumbukumbu za safari. Kati ya safari arobaini, joto lilipanda katika tisa tu, zote za kupanda mlima kuja mjini, na zote zikiwa na shehena ya aina moja: mayai. Kilo sitini na nane. Kilo sabini na moja. Mara moja, kilo hamsini na tisa.

Hali ya Mayai, kanuni ya kuliendesha gari taratibu likibeba mayai, aliibuni yeye mwenyewe. Ndani ya giaboksi kuna kigeuza-nguvu, chombo kinachopitisha nguvu ya injini kwa kusukuma oili. Ili gari lisishtuke, Hali ya Mayai ilikataa kushusha gia mlimani; ikaacha kigeuza-nguvu kiteleze, na mtelezo huo ndio uliozaa joto. Oili ikifika nyuzi mia moja arobaini na tano, gari lilisimama lenyewe hadi lipoe. Hakuna yai lililovunjika, na Atuganile alisifiwa sana.

Lakini safari ya tisa ilikuwa imesimama mlimani saa mbili nzima.

Alimpigia simu mkunga wa zahanati ya Ulolo, Bi Sekela, ambaye jina lake lilikuwa kwenye kila hati ya mzigo.

“Shikamoo, Bi Sekela. Hivi huko kwenu mnafuga kuku wangapi?”

“Marahaba, mwanangu. Hatufugi. Kideri kiliwamaliza wote mwaka juzi.”

“Sasa mayai?”

“Ni wazazi, akina mama wanaokwenda kujifungua mjini. Gari la wagonjwa lilifutwa, bongo la jiji linalopanga huduma likasema watu wa huku ni wachache. Pikapu inakataa binadamu. Nikiandika viazi, inawarusha mpaka wanatapika. Nikiandika mayai, inakwenda taratibu.”

Atuganile alitazama namba ya safari ya tisa kwenye kioo. Kilo hamsini na tisa.

“Na ile iliyosimama?”

“Tumpe, mke wa fundi cherehani. Nilimwambia avumilie, gari litaondoka sasa hivi. Mtoto alizaliwa palepale barabarani. Hakulia.”

Giaboksi ilikuwa imepona siku ile. Kanuni ilikuwa imefanya kazi yake vizuri.

Atuganile alimwaga oili iliyoungua, akatia mpya. Kisha akaandika hali nyingine: gia ishuke mapema, kigeuza-nguvu kifungwe kisiteleze, gari lisisimame njiani. Kwenye nafasi ya shehena akaandika mtu. Katika ripoti alieleza nani aliibuni kanuni ya kwanza na ilimgharimu nani, akaomba gari la wagonjwa lirudishwe. Alijua huenda wakamfukuza kazi.

Kesho yake aliteremka Ulolo kuijaribu hali mpya, akalala chali kwenye godoro nyuma ya pikapu, Bi Sekela akakaa pembeni yake. Mlima ulipoanza, gia zilishuka kwa kishindo. Mgongo wake ukagonga bodi, ukagonga tena. Kipimo kilisoma nyuzi tisini na saba na hakikusogea.

“Inatikisa,” alisema, meno yakigongana.

“Inatikisa,” Bi Sekela alikubali. Walikuwa wakipita kona ambapo Tumpe alijifungulia, na mtu alikuwa amepanga mawe madogo kando ya barabara, na mkunga akageuza uso upande huo. “Ila haijasimama.”